Barafu za ukwaju Kigombe: sola, pangaboi la upepo au jenereta?

Swali: "Nina nyumba shambani Kigombe, kama kilomita moja na nusu kutoka nguzo ya mwisho ya umeme. Naishi na wanangu wawili na mama yangu mzazi. Kwa sasa nawasha jenereta ndogo ya petroli kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, kwa taa, runinga na kuchaji simu. Inakunywa lita tatu kwa usiku. Nataka kununua friza ya lita 200 niuze barafu za ukwaju na ubuyu pamoja na maji baridi, maana wanafunzi wanapita mlangoni kwangu. Fundi mmoja amenipigia hesabu: paneli mbili za wati 300, betri mbili za N100, inveta ya wati 3,000 na pangaboi la upepo la wati 400 'kwa kuwa uko karibu na bahari'. Je, itatosha? Na jenereta niiuze?" – Mama Salha, Kigombe

Mama Salha, salamu. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba yako naipokea. Nianze na jibu fupi: haitatosha, pangaboi (hilo la kuzalisha umeme kwa upepo) achana nalo, na jenereta usiiuze. Maelezo yake ni marefu kidogo, lakini ni afadhali uyasome kabla hujatoa hela ya watu.

Orodha uliyopewa inafanana na ya mtu aliyeanza na vitu vilivyopo dukani kwake. Hesabu ya umeme wa nyumbani huanzia kwa mtumiaji: unatumia nini, kwa saa ngapi, na mchana au usiku. Na kwako wewe, mwenye nyumba ni friza. Vingine vyote, taa, runinga, simu, ni wapangaji wadogo. Kwa hiyo tuizungumzie friza kwanza, na tuizungumzie vizuri.

Mgongoni mwa friza kuna kibandiko kinachoonyesha wati, tuseme 110. Wengi huchukua namba hiyo, wakaongeza kwamba kompresa inawaka na kuzima, wakatoa jawabu la uniti moja kwa siku. (Uniti ninayosema ni ile ile ya LUKU: wati 1,000 kwa muda wa saa moja.) Jawabu hilo ni sahihi kwa friza iliyojaa vitu vilivyokwisha kuganda, kifuniko kimefungwa. Wewe kila siku utakuwa unaingiza juisi ya moto wa Kigombe, nyuzi 28 hivi, na kuidai iwe jiwe. Kushusha lita moja ya maji kutoka nyuzi 28 hadi sifuri ni kuondoa joto la wati-saa 33. Kuyageuza maji hayo ya nyuzi sifuri kuwa barafu ya nyuzi sifuri kunadai wati-saa nyingine 93, na hapo kipimajoto hakijasogea hata kidogo. Hiyo ndiyo sehemu inayokula umeme. Ukishaongeza kuishusha barafu yenyewe chini ya sifuri, na ukijua kwamba kompresa ya friza ya nyumbani hutoa joto la wati-saa kama 1.3 kwa kila wati-saa moja ya umeme, unapata kanuni rahisi ya kukumbuka: lita moja ya barafu ni wati-saa 100 za umeme.

Lita kumi za ukwaju zinatoa vifuko mia moja vya mililita 100. Hiyo ni uniti nzima kwa siku, juu ya ile uniti moja ya friza kujihifadhia ubaridi wake. Maji baridi ni nafuu kuliko hapo: kuyashusha hadi nyuzi 5 bila kuyagandisha kunakula kama wati-saa 20 kwa lita, yaani moja ya tano ya barafu. Ukitaka kujua bidhaa gani inakulipa zaidi kwa umeme ulionao, jibu lipo hapo; bei ya sokoni unaijua wewe kuliko mimi. Mimi nitakuwekea lita kumi za barafu na lita kumi za maji kwa siku, jumla uniti 2.2. Usiivuke sana hiyo, maana friza ya kadiri hiyo yenyewe haiwezi kugandisha mzigo mkubwa zaidi ndani ya siku moja hata ukiipa umeme wa bwawa zima.

Kuna jambo moja hapa ambalo halikugharimu chochote na litakupunguzia betri. Wauza barafu wengi hupika na kufunga jioni, wanaingiza kwenye friza usiku, wauze kesho yake. Ukifanya hivyo kwenye sola, kompresa itafanya kazi nzito gizani, kwenye betri. Ingiza mzigo saa mbili asubuhi. Jua linapanda, kompresa inanguruma mchana kutwa ikila umeme wa paneli moja kwa moja, na ikifika magharibi vifuko vimeshaganda. Usiku friza inakuwa na kazi ya kulinda tu, na barafu iliyomo ndani inaisaidia. Ijaze. Friza yenye nafasi tupu ijazie chupa za maji ya chumvi zilizoganda. Zitashika ubaridi usiku, hasa ukimwambia kila mtu nyumbani kwamba baada ya saa mbili usiku kifuniko hakifunguliwi. Iweke mahali penye kivuli na hewa, mgongo wake usibanwe na ukuta. Si jikoni.

Sasa wapangaji wadogo. Balbu sita za LED za wati 7 kwa saa tano ni uniti 0.2. Runinga ya inchi 32 na king'amuzi chake, saa tano, ni 0.3. Simu zote pamoja hazifiki 0.1. Feni ya wati 50 kwa mama yetu usiku kucha, saa nane, ni 0.4. Halafu yupo mpangaji asiyeonekana: inveta yenyewe, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani. Ikiwa imewashwa, hata kama hakuna kitu kimechomekwa, inakula. Ndogo iliyotengenezwa vizuri hula wati 10 hadi 25. Ile ya wati 3,000 uliyopigiwa hesabu mara nyingi hula 40 hadi 60, saa 24, na ukizidisha unakuta uniti moja au zaidi kila siku imekwenda kupasha moto sanduku ukutani. Kuna nyumba nimepima nikakuta inveta inakula kuliko taa na runinga zikijumlishwa. Weka wati 25, ni uniti 0.6 kwa siku.

Jumla karibu 3.8 kwa siku. Kati ya hizo, kama 2.1 zitatumika usiku, yaani zitapita kwenye betri. Namba hizi mbili ndizo za kumpelekea fundi yeyote.

Tuzipime na orodha yake. Paneli mbili za 300 ni wati 600. Pwani yetu ya Tanga, siku ya kawaida, unaweza kuhesabu saa nne za jua kamili, yaani jua la siku nzima likikusanywa liwe kali kama la adhuhuri. Za kiangazi cha kaskazi huzidi hapo, za masika hupungua. Zidisha na 0.7, kwa sababu paneli ikiwa juani hufika nyuzi 60 na kupoteza zaidi ya asilimia 10 kwa joto peke yake, vumbi linachukua chake, nyaya na betri na inveta zinachukua chao. Unabaki na uniti 1.7. Unahitaji 3.8. Hata nusu haifiki.

Betri mbili za N100 ni volti 12, ampea-saa 100 kila moja: jumla uniti 2.4 zikiwa mpya. Betri ya risasi na asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo zinazotumika ni 1.2. Wewe utakuwa unazivuta 2.1 kila usiku. Na tena hizi ni betri za magari. Zina bamba nyembamba nyingi, zimeundwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache gari liwake, kisha oltaneta izijaze tena. Ukizivuta mpaka chini kila usiku, bamba zinaoza na kumwagika chini. Zitakufia kwa kuhesabu miezi.

Watu huniambia, "lakini inveta inapiga kelele betri ikishuka, nitazima." Inveta nyingi za volti 12 hupiga kelele kwenye volti 11 na kukata kwenye 10.5. Imewekewa hivyo ili ikutumikie kwa muda mrefu, si kuilinda betri yako. Betri ya asidi iliyopumzika bila mzigo ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 iko nusu. Mpaka kelele ianze, nusu ya kuokoa betri ilishapita kitambo.

Sasa ununue nini? Kwa friza inayofanya kazi kila siku mimi sina tena sababu ya kupendekeza betri za asidi, isipokuwa mtu hana njia. Chukua lithiamu za aina ya LiFePO4. Unaweza kuivuta asilimia 80 au 90 bila kuiumiza, inastahimili mizunguko elfu kadhaa ya kujaa na kushuka, na haidai maji ya betri. Betri ya asidi ina adui mwingine hapa kwetu: joto. Kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kwa nusu hivi, na chumba cha bati Kigombe mwezi wa pili kinajulikana. Lithiamu nayo haipendi joto, lakini haifi upesi hivyo. Kama hela inabana na lazima uanze na asidi, basi ziwe mbili za ampea-saa 200 za kuvutwa kwa muda mrefu, si za gari, uziunge kuwa volti 24, na ujue utazibadilisha mapema.

Betri ya lithiamu ya volti 24, ampea-saa 100, ina uniti 2.5. Itakufikisha asubuhi ikihema. Mbili zikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) ndizo zitakazokupa usingizi, na siku ya mawingu haitakuangusha. Unaweza kuanza na moja na kuongeza ya pili, mradi ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, na usikae miaka mitatu kati ya moja na nyingine.

Inveta wati 1,500 inakutosha, ya volti 24, na kwenye kibandiko iwe imeandikwa "pure sine wave". Zile za bei rahisi zisizo na maneno hayo huifanya kompresa ichemke na kunguruma, na haiishi. Kompresa ya wati 110 inapoanza hudai mara tano hadi saba ya hizo kwa nusu sekunde. 1,500 inalibeba hilo na taa zote zikiwaka. Pasi ya umeme, birika na jiko la umeme havimo kwenye hesabu hii. Akija mgeni na pasi yake, mpe ya mkaa.

Paneli nunua nne za wati 450. Tatu zingetosha siku ya jua kwa kubahatisha, na masika yangekuonyesha. Siku hizi paneli ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye mfumo ukilinganisha na kazi yake, kwa hiyo mahali pa kujipa nafasi ya ziada ni hapo. Nne kwa saa 3.5 za jua la masika zinatoa uniti 4.4. Umevuka.

Hapa kwenye kuunganisha paneli na kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ndipo wengi wanapoliwa, na mtu anaishi na hasara miaka bila kuijua kwa sababu taa inawaka. Paneli ya 450 hutoa kama volti 41 na ampea 11. Ukiifunga kwenye kontrola ya bei rahisi ya PWM na betri ya volti 12, ile kontrola haibadilishi volti kuwa ampea. Inaivuta paneli ishuke hadi volti ya betri. Unapata ampea zile zile 11 mara volti 13: wati 143. Umelipia 450. Kontrola inayotakiwa ni ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, na ukinunua inveta yenye kontrola ndani yake, soma mstari mmoja kwenye kibandiko kabla ya kulipa: volti za paneli, kuanzia ngapi hadi ngapi. Zipo za kikomo cha volti 145. Hizo unaziunga paneli mbili mbili kwa mfuatano (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti zinajumlishana), halafu jozi mbili sambamba. Ukiunga tatu kwa mfuatano, asubuhi paneli zikiwa baridi na hazina mzigo kila moja inagusa volti 49 au 50, tatu ni karibu 150, na kontrola imeungua. Zipo nyingine zinazoanzia volti 120 kwenda 450. Hizo ukiunga mbili mbili, volti 82, hazitaamka kabisa. Zinataka zote nne kwa mstari mmoja. Fundi ambaye hajakuuliza swali hili bado hajapiga hesabu.

Waya pia. Tuseme paneli ziko mita kumi kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi mita 20, waya wa shaba wa milimita 4 za mraba. Ukipitisha ampea 20 kwa volti 12, unapoteza volti 1.7 njiani, asilimia 14. Ukipitisha ampea 11 kwa volti 82, unapoteza kama asilimia moja, waya ule ule. Hii ndiyo sababu ya kukuambia volti 24 kwa betri na volti za juu kwa paneli. Kutoka betri hadi inveta waya uwe mnene na mfupi, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ikae hapo hapo kwenye ncha ya chanya ya betri. Breka za upande wa paneli na betri ziwe za umeme mnyoofu (DC). Breka ya kawaida ya nyumbani, ile ya TANESCO, inategemea umeme unaopita sifuri mara mia kwa sekunde ili kuzima cheche. Umeme wa sola haupiti sifuri, na cheche inaendelea kuwaka ndani ya plastiki. Nyumba zimeungua hivyo.

Zielekeze paneli kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15. Tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na kuanzia mwanzo wa Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Masika na mawingu yake yamo humo humo, kwa hiyo ndicho kipindi cha kuhudumia. Mwinamo huo pia unaifanya mvua ioshe vumbi badala ya kuacha matope kwenye ukingo wa chini. Na mnazi! Paneli ndani imegawanywa vipande vitatu. Kivuli cha kuti moja kikikaa kwenye kipande kimoja, theluthi ya paneli imezimwa, si ile sehemu ndogo iliyofunikwa tu. Kama paa lako linapata kivuli cha minazi kabla ya saa tisa alasiri, simika paneli chini kwenye nguzo zake, mahali peupe. Tena nazi ikianguka kutoka juu haiulizi bei ya kioo.

Pangaboi. Naelewa kwa nini mtu anashawishika: kusi likivuma Kigombe linavuma, na ngalawa zinaenda. Ila nguvu ya upepo hufuata kasi zidisha kasi zidisha kasi: kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Mapangaboi madogo ya wati 400 hupewa namba hiyo kwa upepo wa mita 12 hivi kwa sekunde, ambao ukivuma kwako utakuwa unahangaika na mabati, si barafu. Kwa upepo wa mita 5 kwa sekunde, pangaboi la kipenyo cha mita 1.2 hutoa wati 25. Na hapo liwe juu, mbali na miti, ambapo upepo hauvurugwi. Minazi yako ina mita 15 au 20. Mlingoti wa kuipita hiyo, pamoja na nyaya zake za kushikilia, utagharimu kuliko paneli zote nne. Chumvi nayo itamaliza beringi zake. Watu waliopima upepo wa kuzalisha umeme nchini walikwenda Singida na Makambako, na wana sababu. Hela ya pangaboi nunulia betri ya pili.

Kuhusu chumvi usidhani natania. Ukiwa karibu na bahari kama ulivyo, boliti ya chuma cha kawaida kwenye fremu ya alumini itaoza ndani ya muda mfupi; dai boliti za chuma kisichoshika kutu, hasa aina inayoandikwa 316. Kaza kwa idadi inayotosha pia. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitua huko kusini, Mafia, lakini fremu ya paneli nne ni tanga, na upepo wa kuinua kutoka chini ndio unaong'oa. Mahali waya unapoingia kwenye kontrola, paka grisi na ufunike. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, kata hapo, chuna waya mpya. Osha paneli kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, asubuhi kabla hazijapata moto.

Na mjusi kafiri. Inveta ina joto zuri usiku na taa ndogo inayoita wadudu, kwa hiyo anaingia kupitia matundu ya feni. Nimefungua inveta hapa Ngamiani nikakuta amekauka, miguu ya mbele kwenye njia moja ya shaba na mkia kwenye nyingine, na kipande cha ubao chini yake kimekuwa cheusi. Mteja alikuwa na uhakika ni radi. Funika matundu kwa wavu mwembamba wa chuma, usiozuia hewa, na uusafishe vumbi kila mwezi. Usiweke kitambaa.

Kabla hujanunua chochote, nenda ofisi ya kijiji na TANESCO wilayani Muheza uulize kama kitongoji chenu kimo kwenye mradi wa REA (Wakala wa Nishati Vijijini) ulio njiani. Inauma kidogo, najua: mto Pangani unazungusha mitambo ya Hale, megawati 21, tangu 1964, na ile ya Pangani Falls, megawati 68, tangu 1995, hapo hapo jirani mkoani kwetu, na wewe bado unanunua petroli kwa kidumu. Bei ya kuunganishwa vijijini ya shilingi 27,000 inamfaa aliye karibu na nguzo. Kilomita moja na nusu ni nguzo kama thelathini, na hizo huwezi kuzibeba kwa mfuko wako. Wakikuonyesha nguzo zimeshamwagwa barabarani, nunua paneli moja na betri moja ya taa, usubiri. Wakikuambia "mpango upo", endelea na sola yako.

Sasa jenereta. Umesema lita tatu kwa usiku. Taa zako na runinga ni wati 100 na kitu. Kwa saa tano ni kama nusu uniti. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita: unalipa shilingi 9,000 kila usiku kwa nusu uniti, na kwa mwezi 270,000. Kosa ni la mzigo, si la mashine. Jenereta ndogo ikizungushwa bila mzigo wa maana hunywa sehemu kubwa ya kile inachokunywa ikiwa na mzigo nusu. Ipe kazi nzito kwa muda mfupi na lita moja itakutolea uniti moja na nusu.

Kwa hiyo ibaki kwa ajili ya masika. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo na betri imeshuka, iwashe asubuhi, si jioni, kwa saa mbili hivi, ikiijaza betri kupitia chaja ya inveta kwa ampea 30 na friza ikiwa inafanya kazi. Asubuhi betri ina njaa, inapokea ampea zote. Jua lolote litakalojitokeza baadaye litamalizia. Kama inveta inaukataa umeme wa jenereta, inaunguruma halafu inarudi kwenye betri, ingia kwenye mipangilio yake ubadilishe kiwango cha volti inazokubali kuingia kutoka UPS (kikali) kwenda APL (kilegevu). Jenereta ndogo hazishiki volti na mizunguko sawasawa, na kwenye UPS inveta nyingi hazivumilii. Ukienda APL na bado inakataa, punguza ampea za kuchaji.

Ikae nje, mbali na madirisha na si barazani, hata mvua ikinyesha. Ijengee kibanda chenye paa na pande wazi. Gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wake haina harufu ya kukuonya kabla haijakulewesha. Oili ya kwanza badilisha baada ya saa 20, zinazofuata kila saa 100, na angalia kijiti kila unapowasha. Masika yakiisha usiizime kwa swichi: funga koki ya mafuta, iache inyonye yaliyobaki kwenye kabureta mpaka izimike yenyewe, maana petroli iliyolala humo miezi minne inaacha gundi kwenye tundu dogo, na Novemba utavuta kamba mpaka mkono ufe ganzi. Mara moja kwa mwezi iwashe robo saa ikiwa na mzigo, kisha funga koki vivyo hivyo.